Usingizi wa Mama na Ushahidi wa Ijumaa

Chechelesi, Isiolo. Alhamisi, mwezi wa tisa, 1984. Baada ya Alasiri.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Mabati yanagongana kama watu wawili wasiosikizana. Sina raha. Leo, daftari, usitarajie mwandiko mzuri.

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu mwingi, najiuliza anataka nini. Muuza mkaa akiniongezea konzi moja ya bure, nikifika nyumbani namwaga gunia zima nitazame kama chini kuna mawe. Hivyo ndivyo nilivyoumbwa. Lakini wiki hizi tatu nimeshuku watu wengi mpaka nimechoka, na aliyestahili kuchungwa kuliko wote sikumchunga hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, sheikh atakuja hapa nyumbani pamoja na watu wa pande zote mbili. Atamwuliza mama swali moja tu: je, ulimnyonyesha Galgalo alipokuwa mtoto mchanga? Mama akisema hapana, mimi na Galgalo tutaoana kabla ya mvua. Akisema ndiyo, basi tumenyonya ziwa moja, yeye ni ndugu yangu kama aliyetoka tumbo moja na mimi, na hakuna ndoa.

Mama ndiye mtu pekee duniani anayelijua jibu. Na mama, tangu ahamie mjini, amekuwa hakumbuki hata alikoweka chumvi.

Galgalo ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao ni Kinna. Nilimjua mwaka jana, alipokuja pale zahanati ninapofanya kazi ya kuwasaidia wauguzi. Alikuwa na malaria na foleni ilikuwa ndefu. Nilipopita na trei ya vipimajoto nikamkuta amesinzia kwenye benchi, mgongo wima, mkono mmoja umeshika ndewe ya sikio lake. Ameishika kweli kweli, kama mtoto. Nikacheka. Nilipomgusa bega akashtuka, akaliachia sikio upesi kama mtu aliyekutwa kwenye kopo la sukari, kisha akajifanya alikuwa macho wakati wote. Nadhani nilimpenda siku hiyo hiyo. Habari ya sikio sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Niliiandika humu tu, na mama hajui kusoma.

Wiki tatu zilizopita watu wake walikuja kunywa chai na kupanga siku. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Ndipo mama mdogo Kabale, mdogo wake mama, akaweka kikombe chini na kusema, taratibu kabisa, "Lakini hawa watoto si walinyonya ziwa moja kule Garbatulla, ule mwaka wa njaa?"

Vikombe vyote vikawekwa chini.

Mwaka huo sisi wawili tulikuwa wachanga. Familia nyingi zilikuwa zimepiga kambi karibu na kisima kimoja, ya kwetu na ya kina Galgalo zikiwamo. Mama mdogo alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, anachunga mbuzi. Anasema alimwona dada yake chini ya kivuli, Galgalo yuko kifuani. Mama yake Galgalo akaruka juu, akaapa kwa jina la Mungu kwamba mwanawe alikunywa maziwa yake yeye na maziwa ya mbuzi, basi. Sote tukamgeukia mama.

Mama alitazama mikono yake. Akasema, "Sikumbuki."

Sheikh alipoletewa habari alisema neno la mtoto wa miaka kumi halitoshi, na kiapo cha mtu ambaye hakuwapo pale kivulini hakitoshi pia. Kinachotakiwa ni kunyonya mara tano za kushiba, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na wa kusema ni yule aliyenyonyesha. Akatupa muda. Muda unaisha kesho.

Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu ya kushuku. Wa kwanza alikuwa mama mdogo. Ana binti, Sadia, ndiyo kwanza anaingia umri wa kuolewa, na Galgalo ni mwalimu mwenye kazi ya kudumu. Hesabu hiyo haihitaji shule. Wa pili alikuwa mama yake Galgalo: mbona aliapa haraka hivyo, hata kabla hajaulizwa? Kisha nikamshuku Galgalo, kwa sababu tu alinitumia barua akisema tusubiri na tutakubali lolote. Mtu anayenitaka kweli angeandika "lolote"?

Mwisho nikamshuku mama. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiwataja mbuzi wake wote, kila mmoja na mama yake na bibi yake, bila kukosea. Leo anaulizwa kama alimnyonyesha mtoto wa mtu na hakumbuki? Nikasema moyoni, anajua. Anaficha. Ila sikujua anaficha kwa ajili yangu au dhidi yangu.

Ndipo nikaongea na Bwana Mutwiri. Ni tabibu wetu pale zahanati, Mmeru, mtu wa maneno machache. Sikumwambia habari ya ndoa. Nilimwambia tu kwamba mama ametia chumvi kwenye chai mara mbili, ananiita kwa jina la marehemu dada yangu, na ninaogopa ni ugonjwa. Hakuuliza kuhusu kichwa. Aliuliza, "Analala wapi? Na analala saa ngapi?"

Nikamweleza. Kule Garbatulla mama alilala nje, au ndani ya nyumba ya matawi inayopitisha hewa. Hakuwahi kulala kwa mkupuo mmoja. Alilala mapema, akaamka mbuzi wakishtuka, akalala tena, na adhuhuri jua likiwa kali alilala kivulini hadi jua lipoe. Kiangazi, zamu yao ya kisima ikiangukia alfajiri, usingizi wake wote ulihamia mchana, na hakulalamika. Mvua ikija na mbu, alilala karibu na moshi. Usingizi wake ulijua kuhama kama walivyohama wao.

Hapa umeshindwa. Miezi saba sasa, tangu mbuzi wa mwisho wafe na nimlete kwangu. Chumba changu cha mabati ni tanuri adhuhuri. Kinu cha unga kiko nyuma ya ukuta, redio ya jirani haizimwi, na magari ya miraa yanateremka kutoka Meru yakipiga honi. Isitoshe, wanawake wa ploti hii wanamcheka mtu anayelala mchana, wanamwita mvivu, kwa hiyo mama hukaa wima kwenye kigoda akipigana na macho yake. Jioni anajilaza kitandani mlango umefungwa na anasema hasikii kitu chochote kinachopumua. Sijui alipata usingizi wa saa ngapi kwa siku. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani wazee hawalali.

Bwana Mutwiri akafuta miwani yake. "Darmi, mama yako hajasahau. Hajalala. Mchana unaleta mizigo mpaka mlangoni. Kulala ndio kunaingiza ndani na kupanga. Mtu asipolala, mizigo inarundikana mlangoni, hata ile ya zamani hawezi fikia, njia imejaa. Rudisha kulala yake vile alikuwa amezoea. Halafu ngoja."

Nilimshuku hata yeye kidogo, kwa kuwa hakuandika dawa. Lakini nilijua amesema kweli.

Sasa ninaandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilikaa siku sita bila kufanya lolote.

Dawa niliijua. Matawi yanauzwa hapo barabarani, na uwanja wetu una kona yenye kivuli cha mgunga. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu yangu. Mama asiyelala anasema "sikumbuki", na "sikumbuki" haifiki mara tano. Mama akilala vizuri, nani ajuaye ataamka na nini? Kwa hiyo kila siku nilipata sababu. Leo nimechoka. Leo kuna upepo. Leo mwenye ploti hayupo. Na mama yangu mzazi aliendelea kukaa wima kwenye kigoda, macho mekundu, akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekutana nami wapi.

Siku ya saba nilirudi kutoka kazini nikakuta jiko linawaka, sufuria tupu juu yake imekuwa nyekundu, na upindo wa leso ya mama umeungua. Yeye mwenyewe amesimama kando, hajui kama alikuwa anaiweka au anaiondoa. Nikaona haya. Jioni hiyo hiyo nilileta matawi na kamba, nikaazima mikeka na ngozi.

Nilidhani itabidi nimfundishe. Mama alinisukuma pembeni. Alichimba mashimo, akapinda matawi, akafunga vifundo bila kutazama, akaacha uwazi upande unaoingia upepo. Mtu asiyekumbuka chumvi iko wapi alijenga nyumba nzima kabla ya Magharibi. Mikono ilikuwa na kumbukumbu zake. Majirani walikuja kuchungulia na kucheka, na mimi nikawatazama hadi wakaondoka. Pia niliazima mbuzi mmoja kutoka kwa mzee wa jirani, nikamfunga karibu na mlango, ili kuwe na kitu kinachopumua.

Alilala. Siku ya kwanza adhuhuri alilala kidogo, akaamka, akatoka nje kumtazama mbuzi, akalala tena. Siku ya tatu aliniambia mkasi niliokuwa nikiutafuta miezi miwili uko ndani ya mto wa zamani, na ulikuwa huko. Siku ya tano aliwataja mbuzi wake waliokufa, mmoja mmoja, na mama zao na bibi zao, kisha akalia. Hakuwa amewalilia hata siku moja tangu aje. Nikalia naye, nikafurahi, na ndani ya furaha hiyo nikaogopa.

Mama mdogo alianza kuja kila siku na maziwa. Aha, nikasema. Anakuja kumtia maneno mdomoni. Siku moja nikajificha nyuma ya ukuta wa bafu nisikilize. Nilisimama huko muda mrefu, jua linaniunguza. Mama alikuwa amelala. Mama mdogo alikaa mlangoni akipunga nzi kwa ncha ya leso yake, na watoto wa ploti walipokaribia na mpira aliwafukuza kwa mkono bila kutoa sauti. Hakusema neno hata moja. Nilitoka mafichoni nimeloa jasho na sikuwa na la kushuku.

Na bado sikukoma. Jumatatu wiki hii, adhuhuri kamili, nilimtuma mama kwenye kinu cha unga. Unga ulikuwapo nyumbani. Nilijua foleni ni ndefu. Jumanne nikawaita wanawake wawili waje tunywe kahawa saa ile ile, na nikahakikisha mazungumzo hayakatiki. Mama aliwatumikia kwa adabu, macho yanafumba na kufumbua. Jioni akaniita tena kwa jina la dada yangu.

Wiki tatu nimekuwa nikitafuta ni nani anayenichezea shere. Mwizi ni mimi. Nimemwibia mama yangu usingizi kwa makusudi, siku mbili mfululizo, nikitabasamu na birika mkononi.

Jana sikufanya chochote. Nilishindwa na aibu, basi. Nilimwacha alale.

Leo sikuwa na zamu. Mama aliingia kwenye nyumba yake baada ya Adhuhuri, na nikakaa nje kuchambua maharagwe. Upepo ulivuma, mikeka ikapumua, mbuzi akatafuna. Alilala hadi karibu na Alasiri. Nikamsikia anakohoa, kisha akaniita kwa jina langu. Langu mimi.

"Darmi. Njoo ukae."

Niliingia nikakaa kwenye ngozi. Alikuwa amejiegemeza kwa kiwiko, uso umetulia, kama nilivyomjua nikiwa mtoto. Akasema kwa Kiborana, polepole, nami nayaandika kama alivyoyasema.

"Yule mama yake Galgalo alifiwa na mtoto wake mkubwa pale kisimani. Baada ya hapo hakufumba macho. Siku nyingi. Akawa anatembea akigonga vitu, anasahau mtoto mchanga jua likimpiga. Tukasema huyu naye atakufa. Nikamwambia, nipe mtoto kila adhuhuri, wewe ulale, nitampa maziwa ya mbuzi. Akakubali. Alilala kama jiwe."

Nikauliza, "Ukampa maziwa ya mbuzi?"

"Mbuzi gani? Mwaka ule mbuzi walikuwa mifupa. Lakini ningemwambia hivyo asingelala."

Kwa hiyo mama yake Galgalo hakusema uongo alipoapa. Alikuwa amelala. Na mama mdogo hakusema uongo, alimwona dada yake chini ya kivuli kwa macho yake. Watu wote niliowashuku walikuwa wakisema walichokijua.

Nikajaribu njia ya mwisho. Ninaona haya kuiandika lakini naiandika. Nikasema, "Mama, huenda umeota. Umetoka kulala sasa hivi. Huenda mtoto unayemwona ni mimi."

"Hivyo ndivyo nilivyodhani," akasema. "Wiki zote hizi naona kivuli, naona mtoto kifuani, nasema ni Darmi. Sikuweza kuona zaidi. Leo nimeamka nikajua walikuwa wawili. Wewe ulikuwa unashika shanga zangu, ulizikata mara mbili. Yule mwingine alishika sikio langu. Hakusinzia mpaka ashike sikio. Nikiutoa mkono wake analitafuta lake mwenyewe."



Mama amemwona Galgalo mara tatu tangu ahamie mjini, na mara zote tatu alikuwa amekaa wima mbele ya wazee, na kofia, mikono juu ya magoti. Hajawahi kumwona amesinzia. Nimejaribu kutafuta mlango mwingine wa kutokea, nimeuzunguka tangu aliposema, wala haupo. Wanaomjua Galgalo akisinzia ni mimi na mama yangu.

"Ilikuwa siku ngapi?" nikauliza.

"Tangu mwezi uandame hadi mwingine ukaandama. Kila adhuhuri."

Akanitazama kwa muda. Anajua ninavyompenda Galgalo, hilo sikumficha kamwe. Kwa dakika moja nilimshuku kwa mara ya mwisho: nilidhani ananiambia mimi kwanza ili nichague. Labda ni kweli. Sikuona uso wake vizuri, kulikuwa na giza mle ndani na macho yangu yalikuwa yamejaa.

Halafu akasema, "Sheikh anakuja kesho baada ya sala. Kichwa changu sikiamini bado. Nikisahau, utanikumbusha?"

Angeweza kumwuliza mtu mwingine yeyote. Mama mdogo angefurahi kukumbusha.

Ninaandika haya nikiwa nimekaa mlangoni pake. Kesho asubuhi kinu kitasaga na foleni itakuwa ndefu kama kawaida, na wanawake wa kahawa wapo. Ninajua kabisa jinsi ya kumfanya mama asikumbuke. Hakuna mtu Isiolo nzima anayelijua hilo kuliko mimi.

Nimekung'uta mikeka yake vumbi. Nimemhamisha mbuzi akae upande ule asikopigwa na upepo. Nimekwenda kwa jirani nikamwomba azime redio hadi kesho kutwa, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza alikubali kwa nini. Ijumaa asubuhi nitachota maji mwenyewe, nitapika mwenyewe, na mama alale mpaka aamke mwenyewe.

Baadaye nitamwandikia Galgalo barua. Sijui nitaianzaje. Sijawahi kuwa na kaka.

Mama nilimjibu, "Nitakukumbusha." Akapata usingizi tena pale pale, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya sikio lake.